Mheshimiwa wa Mchanga

Faith, aliyekabidhiwa kabati langu nilipostaafu, alinipigia simu juzi kwa sauti ya mtu aliyepoteza gari la serikali. "Madam Njoki, vitu vyote nimeviona. Sponji ziko, tepu ya kupimia iko, hata vile vijiko vyako vya mpini mnene nimeviona. Lakini Mheshimiwa hayuko. Nimetafuta mpaka nyuma ya friji."

Nilimwambia aache kutafuta. Mheshimiwa hakuibwa wala hakutupwa, na aliyemtoa ni mimi mwenyewe. Lakini habari ya jinsi alivyoondoka haitoshi kusemwa kwa simu, maana lazima nianzie alikotoka. Kwa hiyo nimeketi hapa nyumbani Kinoo, chai iko mezani, wajukuu wako shule, nami nawaandikia nyote wa kitengo chetu. Someni wakati wa mapumziko, si wakati mgonjwa anangoja.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na sare iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Kituo kilikuwa pale pale katikati ya jiji mnapopajua, ghorofa ya pili, maana aliyepanga aliona inafaa watu wasioweza kupanda ngazi wahudumiwe juu. Lifti ilifanya kazi ilipojisikia. Majirani waliposikia nimeajiriwa walianza kuniita daktari, na mpaka leo kuna mama hapa nyuma huniuliza dawa ya kikohozi. Nimechoka kumweleza kwamba kazi yetu haina dawa. Mwili wa mtu ukibadilika kwa ajali au ugonjwa, au akizaliwa hivyo, sisi humfundisha kuvaa, kula, kuoga, kupika, na akiwa mzazi, kulea.

Aliyenipokea ni Madam Agnes, mama mkubwa wa mwili mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwahi kuipandisha kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Alinipeleka kwa mwalimu mmoja mzee aliyepooza upande mmoja. Alikuwa akijaribu kufunga vifungo vya shati, na kifungo cha kwanza tu kilikuwa kimemtoa jasho. Mimi, kwa malezi mema niliyopata nyumbani, niliruka nikamfungia vyote. Mwalimu alinishukuru. Madam Agnes aliniangalia tu.

"Sasa amevaa yeye ama umevaa wewe?"

Nilitazama vifungo nilivyofunga.

"Mfungue. Vyote. Halafu mikono nyuma."

Nilisimama mikono nyuma kama mwanafunzi kwenye paredi, nikamtazama mwalimu akipambana na vifungo vyake. Nilitamani kulia. Alipofunga cha mwisho, alikuwa amekifunga kwenye tundu lisilo lake, shati limekwenda upande, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona nilipomfungia mimi. Mchana nilienda kula mabega yakiniuma kwa kutofanya chochote. Mnaodhani hii kazi ni ya kusaidia watu mtachoka mapema. Nusu yake ni kujizuia.

Kuhusu vifaa, sitawachosha. Mashine zilikuja na kuharibika, na fundi wake kila mara alikuwa nje ya nchi. Vilivyonifaa vilitosha kwenye kiondo: tepu, sponji ya godoro, utepe wa kunata kama ule wa viatu vya watoto, kisu cha kukatia sponji, vijiko, na Mheshimiwa.

Mheshimiwa alishonwa na Madam Agnes kwa kitambaa cha sare kuukuu, akajazwa mchanga wa mto uliochujwa. Kabla yake tulikuwa tunawafundisha wazazi kwa pakiti ya unga, lakini pakiti ya unga haina shingo. Huyu alikuwa na uzito wa mtoto mchanga na kichwa kinacholegea vilevile. Usipokishika, kinaanguka nyuma, na kila aliyemshuhudia alishtuka. Mgongoni ana zipu, ili aongezewe mchanga kadiri mtoto wa mgonjwa anavyokua. Jina alilipata kwa sababu alikuwa mzito, hafanyi chochote, hubebwa kila mahali, na kila mwaka alizidi kunenepa.

Nilizunguka naye miaka yote. Kule Loresho kulikuwa na mama aliyepoteza mkono mmoja, akajifunza kumvisha Mheshimiwa nepi kwa mkono uliobaki, goti na meno. Mara ya kwanza kwenda kwake, soja wa getini alichungulia ndani ya blanketi ili aandike wageni. Mheshimiwa hana macho wala pua. Soja alirudi nyuma hatua kadhaa akafungua geti lote. "Ingieni tu, madam," akasema. "Ingieni na Mungu."

Kilimani alikuwako Baba Tasha, asiyeona tangu utotoni, aliyetaka kubaki na bintiye nyumbani mke akienda kazini. Tulimwogesha Mheshimiwa mpaka mchanga ukalowa. Tasha alipoanza kutembea, tulimshonea vikengele viwili kwenye viatu ili babake ajue aliko. Mfumo ulifanya kazi vizuri mpaka Tasha alipogundua kwamba mtu akivua viatu anaweza kuifikia sukari. Baba Tasha alinisimulia huku akicheka hadi machozi. "Madam, nikisikia kimya, najua kuna wizi." Niliondoka pale nikijua huyo mtoto analelewa na mtu anayeona vya kutosha.

Madam Agnes alistaafu akaniachia kiondo, na baadaye akafariki. Sina siku niliyofanya kazi bila kusikia ile sauti ndogo nyuma ya sikio langu.

Sasa nifike kwa Violet, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa mwisho, na ndiko Mheshimiwa alikoishia.

Violet alikuwa mgonjwa wetu tangu akiwa msichana wa chuo, alipougua uti wa mgongo na miguu ikakataa. Nilimfundisha kukalia kiti cha magurudumu, kuingia kitandani, kupika akiwa ameketi. Aliolewa na Edwin, kijana mpole wa Kakamega mwenye kazi ya ofisini hapa mjini, wakapanga nyumba ya chini kule Kileleshwa. Wakapata mtoto wa kiume, wakampa jina la marehemu babake Edwin: Makokha. Nilifurahi, nikajua nitaitwa. Niliitwa, lakini mtoto alikuwa tayari na miezi mitano, na Violet alikuwa akinong'ona kwenye simu.

"Madam, kuja please. Wananichukulia mtoto."

Nilifika asubuhi iliyofuata. Aliyefungua mlango alikuwa mamake Edwin, mjane mfupi mwenye mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote, na Makokha alikuwa mgongoni mwake, amelala. Aliniwekea chai, ndizi za kuchemsha na njugu kabla sijamaliza kusalimu. Nawaambieni ukweli, nilimpenda papo hapo, na hilo lilifanya kazi iwe ngumu zaidi.

Hakunificha kitu. Alikuja kumsaidia mkaza mwana baada ya kujifungua, kama inavyopasa. Sasa mashamba yanamngoja, kwa hiyo mwisho wa mwezi anarudi nyumbani na mtoto. Huko mtoto atakunywa maziwa ya ng'ombe na uji, na atakapojua kukimbia atarudishwa.

"Daktari, mimi sina ubaya na huyu msichana," alisema mbele ya Violet, ambaye alikuwa anatazama magoti yake. "Ananipenda, nampenda. Lakini huyu mtoto ni jina ya mzee wangu. Mzee nilimzika na hii mikono. Sasa huyu akianguka kutoka kwa hiyo wheelchair, nitaambia nani? Ehe? Nitaambia nani?"

Edwin, aliyekuwa anafunga tai aende kazini, aliniita pembeni mlangoni. "Madam, mimi niko katikati," akasema. "Nikisimama na mmoja, mwingine analia. Ukisema Violet anaweza, Mama atakusikia." Nikamwambia kwamba mamake hatasikia kitu kutoka kwangu. Ataamini atakachokiona kwa macho.

Nikakaa nikatazama, kwa sababu ndivyo kila kazi yetu inavyoanza. Makokha, aliyekuwa amehamishiwa kitandani mwake, aliamka akalia. Violet aliachia breki, akageuza kiti, akashika magurudumu. Kabla hajavuka zulia, nyanyake mtoto alikuwa amekwisha mwinua, amempangusa, amemweka mgongoni na kunyamazisha. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Violet alipewa mtoto wakati wa kunyonyesha tu, na akishashiba alichukuliwa. Mtoto mwenyewe alikuwa ameanza kugeuza kichwa kumtafuta nyanya. Hapakuwa na ukatili wowote ndani ya nyumba ile. Palikuwa na upendo wenye miguu miwili yenye mbio, na upendo mwingine ambao haukuwahi kupewa nafasi ya kufika.

Kitanda cha mtoto kilikuwa kazi rahisi. Kilikuwa na kingo ndefu ambazo mtu aliyeketi hawezi kufikisha mikono juu yake, basi nikakipeleka kwa fundi wangu wa Kawangware. Aliongeza urefu wa miguu ili magoti ya Violet yaingie chini, na upande mmoja akaufanya mlango wenye komeo, unaofunguka kama kabati. Violet alifanya mazoezi na Mheshimiwa, niliyemjaza mchanga mpaka akafikia uzito wa Makokha: fungua, vuta, shika kichwa, leta pajani, funga. Mheshimiwa alianguka mara kadhaa. Mamake Edwin alikuwa akiguna jikoni kila mara aliposikia kishindo.

Kisha nikamwomba jambo moja. Makokha akilia, yeye akae kwenye kochi, mikono nyuma, mpaka Violet afike.

"Unifunge kama mwizi? Nyumbani kwa kijana yangu?"

"Sikufungi, Mama. Unajifunga mwenyewe."

Alijaribu, nampa haki yake. Makokha alilia, nyanyake akaketi mikono nyuma, miguu inapigapiga sakafu. Violet alikuwa amefika kwenye komeo mamake Edwin alipochomoka. Alimnyakua mtoto, akamweka mgongoni, halafu akasimama pale akitutazama, amejishtukia.

"Mgongo umejiendea," akasema. "Mtoto akilia, huu mgongo hauniulizi."

Nilifikiri kidogo, nikamwambia basi tuupe mgongo kazi. Nikamwondoa Makokha, nikachukua Mheshimiwa, nikamfunga mgongoni mwake kwa shuka yake ya kila siku. Alicheka mpaka akakaa. Lakini Makokha alipolia tena, mikono yake ilienda nyuma yenyewe, ikashika makalio ya Mheshimiwa, akaanza kumtikisa na kumwimbia pale pale alipo. Aliimba mpaka komeo likafunguka. Aliimba huku machozi yakimtoka. Violet alimvuta mwanawe akamleta pajani, mtoto akashangaa kidogo kuona ni nani, halafu akanyamaza.

Tulifanya hivyo kila nilipokwenda, na Edwin aliniambia hata siku nisizokwenda, akirudi kutoka kazini humkuta mamake anachambua mboga na mchanga mgongoni. "Majirani wanauliza kama tulipata mapacha," akasema.

Likabaki moja. Violet akishampata mtoto pajani, anahitaji mikono yote miwili kusukuma magurudumu. Nilikuwa nimemletea mkanda wa utepe wa kunata, lakini ulimbana Makokha mapaja akawa anajinyoosha na kupiga kelele. Mamake Edwin alitutazama tukihangaika, akatikisa kichwa.

"Daktari, umefunga mtoto kama kuku wa soko."

Aliingia chumbani akarudi na leso mpya, bado ngumu kwa wanga wa dukani. Nilijua ni ya nini kabla hajasema. Alikuwa ameinunua ya kumbebea Makokha kwenda naye Kakamega. Akaikunjua, akasimama kitambo akiishika tu, kisha akapiga magoti mbele ya kiti cha Violet. Akamkalisha Makokha uso kwa uso na mamake, akapitisha leso chini ya makalio, juu ya mgongo, akaizungusha kiunoni mwa Violet na kuifunga fundo la ubavuni ambalo mwenye kulivaa hulifikia. Ni kama kubeba mgongoni, ila mgongo umekuja mbele. Akamfundisha kulifunga na kulifungua, tena na tena, bila haraka, kama mama anavyomfundisha bintiye. Kisha akamwambia aende mpaka jikoni na kurudi. Violet alienda, akarudi. Makokha alikuwa akivuta hereni zake.

Pamoja na yote hayo, safari ilikuwa bado iko. Hakuna aliyesema imefutwa, na Violet hakuthubutu kuuliza. Begi dogo la nguo za mtoto lilikuwa tayari karibu na mlango. Kina mama wa kanisa lao walikuwa wamepanga kuja Jumamosi kumwombea Makokha aende salama, nami nikaalikwa.

Walikuja na sukari, unga na vitenge vyao vya sare, wakajaa sebule. Mnajua desturi yetu ya kwenda kuona mtoto: mgeni akinawa mikono tu, ananyoosha mikono apewe, na mtoto anazunguka nyumba nzima kama sahani ya sadaka. Makokha alikuwa amelala kitandani mwake kona ile ya mbali. Mwenyekiti wao alipoanza kuomba kwa sauti ya kutikisa madirisha, mtoto aliamka akapiga ukelele. Sala ikakatika. Kina mama wote waliinuka kwa pamoja, kila mmoja na mikono mbele, na Violet, aliyekuwa nyuma yao dirishani, akafunikwa na migongo.

"Kaeni chini!"

Alikuwa mamake Edwin. Sikujua sauti ile ilikuwa ndani ya mwili mdogo hivyo.

"Kaeni! Mikono nyuma, nyote! Mamake anakuja."

Wakakaa. Mwenyekiti alikaa na Biblia nyuma ya mgongo. Pakawa na njia katikati ya sebule, Makokha analia kwa nguvu zake zote, na Violet akaipita njia ile taratibu, magurudumu yakisaga zulia. Mama mmoja alikuwa amefumba macho asione. Mwingine alikuwa akinong'ona "Yesu, Yesu". Komeo lilifunguka. Violet alimvuta mwanawe, akamshika kichwa ingawa siku hizo hakikuhitaji kushikwa tena, akamleta pajani, akapitisha leso, akafunga fundo. Makokha alipata kwikwi mara mbili, akaweka shavu kifuani mwake, akanyamaza. Violet akageuza kiti akatutazama sote.

"Karibuni," akasema, "mumwone mtoto wangu."

Nililia, sifichi. Uzeeni mtu anaruhusiwa kulia kazini. Mwenyekiti aliuliza kwa upole kama waendelee na sala ya safari, na mamake Edwin akasema ndiyo, waendelee, maana barabara ya kwenda Kakamega ni mbaya na yeye anasafiri peke yake. Edwin alitoka nje, akakaa huko kwa muda kabla ya kurudi.

Siku ya kuondoka nilipita kuchukua vifaa vyangu. Teksi ilikuwa inangoja getini na mizigo ilikuwa imepakiwa. Nikatafuta Mheshimiwa kila mahali, mpaka mamake Edwin alipotoka chumbani, shuka yake kuukuu imefungwa kifuani, na kichwa kisicho na uso kikichungulia begani.

"Daktari, huyu naenda naye," akasema. "Huko kwetu kuna msichana wa jirani alianguka kwa mti, mkono mmoja umekufa, na ana mimba. Mamake ni mtu wa haraka kama mimi. Halafu hii mgongo imezoea."

Mheshimiwa ni mali ya kituo, najua. Faith, andika aliazimwa. Nilimfunga zipu vizuri asimwage mchanga njiani, nikamwambia mama huyo asiruhusu mtu ambebe bila kumshika shingo.

Getini Makokha alimwona nyanyake anaingia kwenye gari, akanyoosha mikono, akaanza kulia. Violet alikuwa amemfunga kwa ile leso, hatua chache tu kutoka mlango wa teksi. Niliona mwili wa mama yule ukitaka kushuka. Mikono yake ikaenda nyuma. Ikamshika Mheshimiwa, akamtikisa, akamtikisa, akitazama kwa dirisha mpaka Violet alipomnyamazisha mtoto kwa wimbo uleule aliojifunza kwake.

"Haya, dereva, twende," akasema. "Mzee wangu amebaki kwa mamake."